Kiberiti Katika Kinu cha Sombe

Sombe, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilinuka yai viza. Mama alionja, akatema kwenye kiganja, kisha akainama kunusa kinu. Wanawake wa kwaya walikuwa sebuleni wakisubiri chakula.

Harufu hiyo niliwahi kuisikia gereji, nikaenda kutazama. Juu ya meza ya shemeji, mume wa dada yangu, palikuwa na vumbi la manjano, mfuko wa makaa ya kuchomea nyama na kitambaa kilichoganda weusi. Alifanya kazi ghala moja huko Savage, mji wa jirani, na mwenzake wa kazini, mzungu mwenye kibali cha kutengeneza fataki, alikuwa amemtia hamu ya baruti. Shemeji alikuwa ametwanga makaa na kiberiti, ule unga wa manjano, katika kinu cha mama mkwe wake, akakirudisha mlangoni pa jikoni.

Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala mama mkwe hamkaripii uso kwa uso. Basi Mama, akiwa hatua mbili kutoka kwa shemeji, alizungumza na mimi.

"Muulize mume wa dada yako, mti unasuuzwa kama sahani?"

"Shemeji, Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni unga tu. Na nilitumia sabuni."

"Sabuni," Mama aliniambia. "Basi tule sabuni."

Kinu hicho alikuja nacho huku ughaibuni kutoka kambi ya wakimbizi. Ili kipite uwanja wa ndege aliacha sanduku lake la nguo. Sasa alikichemshia maji, akakisugua kwa chumvi na majivu, akakianika kibarazani. Kilipokauka, hakikunuka. Kila alipotia majani mabichi, uvundo ulipanda upya, na ilibidi nifungue madirisha.

Jumapili moja yule mzungu alikuja. Aliweka baruti ya shemeji kidogo juu ya tofali nyuma ya nyumba, akaiwasha kutoka mbali. Ilifoka, ikazima, ikaacha ute mweusi unaong'aa kama kohozi. Aliugusa kwa kijiti, akacheka. Makaa yale, alisema, yamechanganywa udongo na gundi. Baruti hutaka makaa ya mti mwepesi, yaliyosagwa laini kama poda, katika chombo kisichotumiwa kwa kitu kingine. Akanusa kijiti. "Na hii ina mafuta. Umesagia wapi?"

Ilikuwa mise, mafuta ya mawese ya miaka yote yaliyoingia katika mti. Kwa hiyo shemeji hakupata hata baruti. Nilimtazama akicheka pamoja na mgeni, kucha zake zina manjano.

Mama alijaribu mara ya mwisho wiki iliyofuata. Alitwanga majani machache, akanusa, akayamwaga kwenye pipa la taka.

"Mpe," aliniambia. "Ni chake."

Nilimpelekea gerejini. Shemeji alikipokea kwa mikono miwili, uso umemchangamka.

"Mwambie Mama asante sana. Nilikuwa naona haya kumwomba."