Wali wa Chokoleti Siku ya Posa

Nilimwahidi dada yangu kwamba siku wageni wa posa watakapofika nyumbani, sitasema neno ambalo sijaulizwa. Alinitaka niirudie ahadi hiyo mara mbili, mbele ya mama, kwa kuwa ananijua. Tangu niliporudi Ifakara kutoka chuoni nilikuwa nimekwisha kumkosoa katekista kuhusu maji ya kunywa kanisani, na kumweleza jirani, bila kuombwa, namna bora ya kuhifadhi mpunga wake.

"Mdogo wangu," dada alisema, "siku hiyo uwe kama kabati. Kabati linakaa, linatazama, linanyamaza."

Nilikubali kuwa kabati.

Suala la chokoleti nililiona kuwa jambo tofauti kabisa. Mjomba, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alituletea makopo mawili makubwa wakati wa Krismasi. La kwanza liliisha siku ileile. La pili mama alilificha chumbani kwake, na joto la kwetu likalifanyia kazi: chokoleti ziliyeyuka mchana, zikaganda mvua iliponyesha, hata mwishoni mwa Januari zilikuwa zimeshikana na kuota weupe. Mama aliona ukungu, akataka kuzitupa. Nilimweleza kwamba weupe ule ni mafuta ya chokoleti yenyewe yaliyopanda juu, na kwamba kutupa chakula kizima ni kosa mbele ya kila mtu anayeinama shambani katika bonde hili. Niliamini hivyo. Bado ninaamini hivyo.

Basi asubuhi ya siku ya posa nilipika wali wa maziwa kwa mchele wetu wenyewe, nikatia iliki, kisha nikazitumbukiza chokoleti na kukoroga mpaka zikapotea. Sufuria nzima ikawa na rangi ya ukoko. Dada alionja kwa ncha ya mwiko.

"Mtamu kweli," alisema. "Lakini usiwaambie chokoleti zilitoka wapi."

"Wasipouliza," nilimjibu. Alikuwa tayari ameondoka kwenda kuvaa.

Mchumba wake ni mwalimu huko Mlimba. Ukoo wake wa Kisukuma ulihamia bondeni pamoja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa alipokuwa mtoto mdogo. Walikuja watu wawili: mshenga, mzee mpole aliyevaa koti, na shangazi yake mchumba, ambaye tuliambiwa mapema kwamba ndiye mwenye neno la mwisho. Niliwaamkia, nikawanawisha mikono, nikanyamaza. Walikula kuku vizuri. Kisha nikaleta mabakuli ya wali wangu.

Shangazi alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Akaliinua bakuli karibu na macho.

"Baba," aliniita, "huu wali umeungua?"

"Haujaungua, mama. Ni chokoleti."

"Chokoleti! Mmenunua kwa ajili yetu?"

Nilimtazama baba. Baba alitazama dirisha. Nilikuwa nimeulizwa.

"Hapana, mama. Ilibaki Krismasi."

"Krismasi hii iliyopita?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni kiporo."

Nilifikiri kabla ya kujibu. Kiporo, kwa maana yake halisi, ni chakula kilichopikwa kikalala, na sisi wali tuliupika asubuhi ile. Kilicholala ni chokoleti tu. Hata hivyo niliona kwamba kujificha nyuma ya maana ya neno, mbele ya mtu aliyeniuliza wazi, kungekuwa hila.

"Kwa lugha ya kawaida," nilisema, "ndiyo, ni kiporo."

Alikilaza kijiko kwenye bakuli. "Mshenga, wewe malizia," alisema. "Wewe kiporo ndiyo chai yako ya kila siku."

Mshenga alicheka. Baba naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Kisha mshenga akaweka kijiko chake chini, na hakuna aliyekula tena. Nyuma ya pazia la mlango nilimsikia dada akivuta pumzi.

Walipoinuka kuondoka, shangazi alilionyesha bakuli lake kwa kidole. "Nifungieni chakula hicho." Mama akamtilia kwenye chombo chenye mfuniko. Mshenga alisema jibu la ukoo wao, kama posa inaendelea, wataleta, na wakaenda.

Kwa siku nne dada hakusema nami. Siku ya tano alisema, "Kabati gani linajibu?" kisha akalia. Nilijaribu kumwonyesha kwamba nilitunza ahadi neno kwa neno. Alisema hilo ndilo linalomuumiza zaidi, na sijaelewa kwa nini.

Mama anashikilia kwamba mkwe hali hadi akashiba katika ziara ya kwanza, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Baba anasema tulitukanwa kwa upole. Nilikwenda Kibaoni kumuuliza mama mmoja Msukuma anayetuuzia maziwa. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Kwetu?" alisema. "Inategemea na shangazi mwenyewe!" Nilirudi nikiwaza: mtu aliyechukizwa na chakula hakibebi. Lakini mtu aliyekipenda kwa nini asikimalize? Labda alikibeba ili akakile nyumbani, labda ili wazee waone walichopewa.

Jumapili iliyopita mshenga alimpigia baba simu. Watakuja tena baada ya Pasaka, na jibu watalitoa hapahapa kwetu, ana kwa ana. Akaongeza kwamba shangazi anataka yule kijana awepo. Hakusema kwa nini. Dada ananisihi niende Mang'ula siku hiyo na nisirudi mpaka wameondoka. Mama anasema nikikosekana nitakuwa nimelikataa jibu kabla halijatolewa. Anayeolewa ni dada, na mimi sitaki kumpotezea nyumba kwa kusema kweli, wala kwa kukimbia.

Wewe unayesoma, kama umelelewa katika desturi za watu wale, nakuomba uniambie wazi: shangazi wa mchumba akiacha chakula mezani kisha akaomba afungiwe, anamaanisha nini?