Jiko Jipya Kwenye Ukuta wa Udongo

Bi Mwanatabu, jirani yangu hapa Bofu, Likoni, aliwapikia wanafunzi wa shule miaka ishirini na sita, na kwake alipikia uani kama mamake. Nyumba aliijenga babake: boriti za mikoko, fito, mawe na udongo, kisha lipu juu. Wajenzi wale walijua jambo ambalo leo hakuna anayelijua, kwamba maji hukaa nje.

Mwaka jana mwanawe Rashad, aliye Doha, akaamua mama asipike tena uani. Akamtuma fundi, Fidel, akauchimba ukuta wa chumba cha kati, akafukia mabomba humo, akabandika vigae, akaweka sinki na makabati meupe. Kupendeza kulipendeza. Upande wa pili wa ukuta huo kuna kitanda cha Bi Zuleikha, mamake Bi Mwanatabu, ambaye hainuki tena.

Baada ya wiki tatu, ukuta ukaanza kutoka jasho upande wa kitanda. Fidel akaja Jumatano, akapapasa ndani ya makabati.

"Mama, hapa pakavu. Huu ni unyevu wa bahari tu."

"Bahari ilikuwako kabla yako, mwanangu, na ukuta huu haukulowa."

Mtaani kwetu maji ya mfereji huja Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine mabomba ni matupu, yatavuja nini? Nilimweleza Fidel hayo.

"Kwani mzee nawe ni fundi?" akaniuliza.

Akarudi Jumapili, akapaka rangi.

"Njoo Alhamisi," Bi Mwanatabu alimsihi.

"Alhamisi niko Nyali, mama. Kule maji yako kila siku."

Naye Rashad kwenye simu alikuwa na neno moja tu: "Mamangu, vigae visivunjwe."

Alhamisi iliyofuata maji yalipokuja, niliuchoma ule ukuta kwa kisu cha kumenyea muhogo. Kikazama mpaka kwenye mpini. Bi Mwanatabu akaniita tushike godoro. Tulimbeba Bi Zuleikha na godoro lake.

"Mwanipeleka wapi?"

"Ukumbini, mama, ukapate upepo."

Kisha Bi Mwanatabu akafunga koki, akatwaa shoka la kuni, akavipiga vigae. Nyuma ya vigae udongo ulikuwa uji, fito zimelainika kama mchicha, na kiungo cha bomba hakikutiwa hata gundi. Pigo la nne likatokeza chumba cha pili.

Rashad akapiga simu ya video. "Mama, mbona umevunja?"

Bi Mwanatabu akaisogeza simu kwenye tundu. "Waona pale? Ndipo nyanyako alipokuwa akilaza kichwa."

Rashad akaisogelea skrini. Kisha akauliza kama sinki limepona.

Bi Mwanatabu alikata simu, akanituma boriti, maana paa lilikuwa limeanza kulala. Nilizunguka Likoni nzima. Wauza boriti za mikoko niliowajua hawapo. Maduka yao yanauza vigae. Tuliegemeza paa kwa vyuma vya kuazima, na Bi Zuleikha hadi leo yuko ukumbini, anauliza atarudishwa lini chumbani kwake.