Mama Mwenye Kibao cha L

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipofika kwa Kogo Tabitha nikiwa na mtungi wangu wa mbegu za fahali begani, nikamkuta ameketi barazani amenikunjia uso. Kogo ndivyo tunavyowaita akina nyanya huku Olenguruone, na huyu alikuwa wa kuogopwa. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kupandisha ng'ombe bila fahali. Watu huniita daktari, ingawa udaktari wenyewe sina. Ng'ombe wa kogo alikuwa ameonyesha joto, yaani hamu ya kupandwa, tangu jana yake. Nilikaa stejini mchana kutwa nikingoja boda, vijana wote wakakataa kupanda mlima kwa tope, nikarudi nyumbani kulala. Sasa ng'ombe alikuwa ametulia, anatafuna majani yake kama hanijui, na hiyo ilimaanisha kungoja wiki tatu nyingine.

"Ng'ombe hajui mvua," kogo akaniambia. "Wewe ndio daktari. Ungejipanga."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Kogo hakuishia hapo. Alimpigia simu meneja wa ushirika wetu wa maziwa, naye meneja akaniita akaniambia waziwazi: njia ya juu, ile ya wafugaji wa mlimani, inataka mtu mwenye leseni ya pikipiki. Nikiipata kabla shule hazijafungwa, pikipiki ya ushirika ni yangu ya kazi. Nikishindwa, kuna kijana kutoka Molo anaitaka hiyo nafasi. Wakati huo nilikuwa na watoto watatu na miaka arobaini na moja, na pikipiki nilikuwa nimeijua kwa kuketi nyuma tu.

Kesho yake nilishuka Nakuru kutafuta leseni ya kujifunzia. Kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, akachukua kitambulisho changu, akaanza kubonyeza.

"Mathe, ni ya kijana yako?"

"Ni yangu."

Akanitazama, akatazama sketi yangu, akarudi kwa kompyuta. "Ya gari, ama?"

"Ya pikipiki, boss. Andika."

Nilicheka mwenyewe nikitoka pale. Nikajiandikisha katika shule ya udereva karibu na mjini, nikawa nashuka mara mbili kwa wiki. Siku nyingine nilifanya mazoezi nyumbani na shemeji yangu Kiprono, mwenye leseni yake na pikipiki yake kuukuu. Tulifunga vibao vya L, alama ya anayejifunza, kimoja mbele na kingine nyuma, na stejini wakapata sinema ya bure. "Daktari amerudi nasari!" walikuwa wakiniitia. Nilikasirika sana, sikufichi. Mara ya kwanza nilitaka kuving'oa vile vibao nivitupe kwenye mtaro.

Sasa sikia jambo la kwetu huku milimani. Vijana wetu wakianza kuteremka huweka gia huru, wanazima injini kabisa, pikipiki inajiendea yenyewe mpaka bondeni. Wanasema wanaokoa mafuta. Kiprono akanifundisha hivyo hivyo, nami nikaona nimeiva. Upepo usoni, kimya, hakuna kelele ya injini! Nilijiona dereva kuliko madereva.

Basi siku moja kule shuleni mwalimu akatupeleka kwenye mteremko. Alikuwa mzee mtaratibu, Mwalimu Barasa, aliyezaliwa hapo Nakuru kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Ilipofika zamu yangu nikaanza kushuka, na kwa maringo nikazima injini. Nilipofika chini nikamkuta amesimama katikati ya njia. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Nani amekufundisha hii?"

"Kwetu wote wanafanya, mwalimu."

"Na wangapi kwenu wanachechemea?"

Niliweza kuwataja kwa majina. Hakunipigia kelele. Alinieleza kwamba kwenye mteremko gia ndogo ndiyo inayokushika, na ukiizima injini umebaki na breki peke yake, nazo zikipata joto au matope huna kitu. Kisha akaniambia nianze upya, tangu somo la kwanza: kuisukuma pikipiki kwa mikono kuzunguka uwanja, mbele ya vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Nilizunguka nikilia ndani ya helmeti. Nilishukuru kwamba helmeti ile ilikuwa na kioo cheusi.

Jioni hiyo njiani kurudi niliamua kuacha. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kumwambia meneja. Lakini nilipoingia jikoni na kuwaona wanangu wakifanya kazi yao ya shule kwenye mwanga wa moto, nikajiuliza nitawaambia nini wao wakichekwa darasani. Siku ya somo ilipofika nikashuka tena, nikasukuma tena.

Wiki moja kabla ya mtihani, simu ikalia asubuhi. Kogo Tabitha. Ng'ombe wake alikuwa kwenye joto tena, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Stejini hakukuwa na mtu. Kiprono alikuwa amesafiri, ameniachia pikipiki yake uani. Leseni ya kujifunzia haikuniruhusu kuendesha bila mwenye leseni kando yangu, nami bado sikuwa nimeuweza kwa tope ule mteremko wa mtoni ulio njiani kwenda kwa kogo. Polisi hawafiki kule, mwanangu. Hakuna ambaye angejua. Niliushika ufunguo mkononi kwa muda mrefu.

Nikautundika ukutani. Nikavaa buti, nikabeba mtungi, nikatembea. Saa mbili za tope, nilianguka na kuinuka, mtungi nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Nilipofika kwa kogo sikuwa na pahali pakavu mwilini, lakini ng'ombe alikuwa bado tayari. Nilimaliza kazi kabla ya saa nane.

Kogo akaniletea maji moto ya kunawa. "Nimesikia una pikipiki nyumbani."

"Iko, kogo. Lakini bado najifunza."

Kisha akachukua simu yake, akampigia meneja mbele yangu. "Yule kijana wa Molo mwambie abaki kwao," akasema. "Mimi ng'ombe zangu atazishika huyu."

Nilifaulu mtihani, na mpaka leo njia ya juu ni yangu. Lakini siku niliyoipata kazi hii, mwanangu, ni ile siku niliyotembea.

Ndiyo maana jana uliponiambia kwamba rafiki zako wanakucheka, kwamba wanasema leseni ya kujifunzia ni ya waoga na wewe unaweza kuanza kubeba watu kwa pikipiki kesho, nilikuomba uketi kwanza. Nenda ukaichukue leseni hiyo. Funga vibao vyako, mbele na nyuma, vionekane. Usimbebe mtu mpaka uruhusiwe, hata akikusihi, hata akiwa ni mimi. Usizime injini mlimani. Ukikosolewa na anayejua, anza upya bila kununa. Watakaokucheka leo ndio utakaowabebea watoto wao kesho, nao watataka kujua kama wewe ni mtu wa kujizuia pale ambapo hakuna anayekuona.

Mungu akushike mikono na akushike moyo. Akupe subira ya kujifunza, barabara ziwe pole kwako, na kila utakayempakia afike kwao akiwa mzima. Nenda, mwanangu. Nimekubariki.