Kanda ya Rock Iliyorekodiwa Jikoni

Jumanne, kwenye kituo cha kununulia majani chai karibu na Litein, lori la kiwanda lilichelewa tena. Kando yangu, vijana wawili walikaa juu ya magunia yao wakibishania kanda za rock. Mmoja alimsifu mpiga ngoma wa albamu aliyoazima wiki jana, huku akijipiga mapaja kumuiga. Kisha akamrudishia mwenzake kanda hiyo.

"Ni tamu sana," akasema. "Lakini upande wa pili, gitaa likianza kulia, kuna mama anaita mtu akamue ng'ombe."

Mwenye kanda akacheka kidogo. "Nilirekodi na redio mbili jikoni, zikiangaliana. Mlango ulikuwa wazi."

"Basi nipatie tena. Binamu yangu ako na original, ameitoa Nakuru. Nitakurekodia juu ya hii, itoke safi."

Mwenye kanda akatoa kalamu mfukoni, akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ambavyo vikishatoka hakuna redio itakayorekodi juu yake. Akapuliza vumbi, akaitia kanda ndani ya shati.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Tangu tumzike, ni hapo tu bado ananiita."

Mwenzake akatazama barabara, kana kwamba amesikia lori.

Jioni nilizitoa kanda zangu za ujana, zile nilizokuwa nikirekodi mlango ukiwa umefungwa, nikazisikiliza moja moja. Zote ni safi kabisa. Ni gitaa tupu, na hakuna mtu nyumbani.