Bakuli la Hamisi

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi Somoe, binti yangu Zuhura, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, mwanawe Hamisi, mjukuu wangu wa kwanza, jirani yetu Asha Nampota, ambaye mwanawe Juma alikuwa rika moja na Hamisi, na kaka yangu Chilumba, mjomba wa Zuhura, aliyekuwa mkuu wa jando mwaka ule. Na lile gari la kunyonya vyoo nalo nalihesabu, maana lilikuwa likitutembelea kuliko ndugu wengi. Utoto ninaousimulia si wangu. Wangu ulikuwa wa jembe tu. Huu ni wa Hamisi, na ulikuwa mfupi.

Tulikaa pembezoni mwa Likombe, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Harufu ilitangulia, mlio wa gari ukafuata. Lilikuwa la mtu wa mjini, simjui. Linanyonya mashimo ya nyumba kubwa za Shangani, linapita mbele ya milango yetu likidondosha njiani, linakwenda kumwaga bondeni. Tulifunga pua kwa kanga, tukafunika vyungu, na makopa ya muhogo tuliyoanika juu ya paa tukayashusha haraka. Mwenye gari hakutuuliza, na sisi hatukujua wa kumuuliza. Hamisi yeye alilipenda. Alijitengenezea gari lake kwa kopo la mafuta, mpira wake bua la mpapai, akawa ananyonya maji kwenye beseni langu na kwenda kuyamwaga mlangoni kwa Asha. Asha akampigia kelele: “Wewe Hamisi! Utakuwa tajiri, lakini usije kuposa kwangu! Shangani wanakula pilau, sisi tunaletewa pilau ya jana!” Tulicheka. Mtu anayekaa na uvundo hujifunza kuucheka.

Mwezi wa sita, baridi imeingia, wavulana wakapelekwa kumbini kutahiriwa na kufundwa. Kwetu wakati ule mwanamke hakanyagi kumbi, haulizi habari zake, wala hatamki lilipo hata kama analijua. Mama wa mtoto hachani nywele wala hajipaki mafuta mpaka mwanawe atoke. Kazi yetu ni kupika. Tunabeba chakula mpaka njia panda, tunatua, tunageuka; wanaume wanakichukua, na jioni tunakuta mabakuli palepale. Kila mama alifunga kitambaa chake kwenye bakuli. Cha Zuhura kilikuwa cha njano. Na kila mwanamke alijua, bila kusema, kwamba kumbi liko bondeni, chini ya pale gari linapomwaga, na kwamba watoto wale wenye vidonda wanaoga na kunywa maji ya kijito kilekile.

Siku chache tu, bakuli la njano likaanza kurudi limejaa. La Juma lilirudi nusu. Nikamvizia kaka yangu nikamuuliza. “Wameshiba, dada,” akasema. “Wameshibaje na ugali wote huu, Chilumba?” Akaangalia miguu yangu, akaenda zake. Zuhura akaacha kulala. Akawa anainusa ile mboga iliyorudi, kama vile mwanawe ameacha neno ndani yake.

Kukaitishwa mkutano. Bwana afya alikuja kwa pikipiki, akasema kuhara kumeingia mjini, tuchemshe maji, tunawe mikono. Kisha akasema anataka wananchi tushiriki: “Semeni wenyewe, mazingira yenu mnayajua.” Wanawake tukatazama mikeka. Kulitaja gari ni kulitaja bonde, na kulitaja bonde ni kulitaja kumbi mbele ya wanaume. Zuhura akasimama na nywele zake zilizosokotana.

“Gari la choo linamwaga bondeni, kwenye maji wanayokunywa watoto.”

“Kaa chini, Zuhura,” Chilumba akasema. “Bonde gani hilo unalolijua wewe?”

“Silijui, mjomba. Pua yangu ndiyo inalijua.”

Asha aliangua kicheko, na wanawake wengine wakamfuata, halafu kikakatika. Wanaume hawakucheka. Bwana afya akasema suala hilo atalifikisha panapohusika, akawasha pikipiki.

Kesho yake kumbi likahamishiwa upande wa Ziwani, kwenye kisima safi. Eti siafu wamezidi. Na jioni ile bakuli la njano likarudi tupu, limekombwa. Zuhura alilishika kifuani. “Anakula, mama! Mwanangu anakula!” Tangu siku hiyo akamtilia tui zito, akamkaangia dagaa, akaimba jikoni, na bakuli likawa linarudi jeupe kila jioni.

Siku ya kutoka, wavulana walikuja wamenyolewa, wanang'aa mafuta, nguo mpya, ngoma mbele. Juma alikuwa amekonda kama ufito. Tukamtafuta Hamisi kwa macho, mstari wa mbele, wa nyuma. Chilumba akatoka pembeni peke yake, akaja mpaka mlangoni kwetu, akalifudikiza bakuli la njano chini. Ndivyo mama alivyokuwa akiambiwa kwamba mwanawe hatarudi. Haambiwi mapema, jando lisije likavunjika. Chakula cha Hamisi kilikuwa kikiliwa na wengine. Kabla ya jua kuzama maneno yalishazunguka: mdomo wa mama yake, aliyelitaja kumbi, ndio uliomuua.

Leo bondeni kuna nyumba za bati na bomba la maji. Wavulana wanatahiriwa zahanati, wanarudi na soda mkononi. Gari la sasa ni jipya, linamwaga mbali. Mbali kwetu, sijui ni mlangoni kwa nani. Mikutano ina viti, wanaomba maoni ya jamii. Zuhura haendi.

Chilumba alifariki bila kuniambia mjukuu wangu alikufa siku gani. Kama nimekosea jina la mtu hapa, nisahihisheni, mimi ni mzee, shule niliishia darasa la pili. Lakini kama yupo aliyekuwa kumbini anayejua kwamba mtoto alikwisha kufa kabla ya mkutano ule, asinisahihishe mimi. Nyumba yetu ni ileile. Apige hodi, amsahihishe Zuhura.