Goti Langu na Mke Mwenzangu

Wenzangu mnaougua, nitashukuru, lakini kwanza niungame.

Miaka ya tisini nilikuwa mwanamke wa nguvu. Niliosha dhahabu kwa karai kwenye machimbo ya Macalder, nimechutama kwenye matope tangu asubuhi, na jioni bado nabeba kuni. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Atieno aliolewa baada yangu, na sikumpenda hata kidogo.

Wakati wa mvua za El Nino ukingo wa shimo uliporomoka ukanivunja mguu. Plasta ilipotolewa, goti lilikuwa limekauka kama mpini wa jembe. Hata chooni nilishikiliwa.

Sista wa mazoezi kwenye hospitali ya misheni alituelekeza mimi na Atieno. Nikae jikoni, mlango umefungwa, sufuria mbili zikichemka, taulo la moto juu ya goti. Kisha Atieno alikunje polepole nikihesabu pumzi kumi.

"Usikimbie na akili," sista aliniambia. "Hapo penye uchungu ndipo ukae. Pumua."

Sikukaa. Jasho lilinitiririka hadi machoni, nami nikahesabu makosa ya Atieno badala ya pumzi.

"Mikayi, bado tatu tu, vumilia," alisema Atieno, naye amelowa jasho vilevile. Mimi nikaona anafurahia.

Siku ya tisa nikamwambia mama mkwe kwamba Atieno ananichoma makusudi, tena ananitilia dawa kwenye uji. Nilijua ni uongo. Kwetu neno la uchawi likishatoka halichunguzwi. Kabla jua kutua Atieno alikuwa amefukuzwa, akarudi kwao Rongo na nguo zake ndani ya karai.

Kesho yake nikajifungia jikoni peke yangu. Nikafunga leso kwenye mguu, nikauvuta. Uchungu ulikuwa uleule! Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, basi nikakaa nao: moja, mbili, hadi kumi. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa maumivu. Miezi mitano nilifanya hivyo kila asubuhi, na goti likakunjika.

Nilipoweza kusafiri, nikaenda Rongo, nikampigia Atieno magoti mbele ya mama yake. Mikayi hapigi magoti kwa mke mdogo. Mimi nilipiga.

Atieno alilitazama goti. "Kumbe inakunja," akasema. "Inuka basi, usijiumize."

Mama yake hakuwa mpole. "Huku soko nzima inamwita jajuok, mchawi. Si uende uwaambie hao."

Nikaenda. Nikasimama kati ya wauza nyanya, nikasema nilidanganya. Wengine walicheka, wengine wakageuka.

Namshukuru Mungu, na yule sista. Wewe unayenyooshwa viungo leo, uchungu ukija pumua, kaa nao, usiutafutie mtu wa kumlaumu. Anayekukunja goti anakusaidia.

Mimi natembea vizuri. Atieno hakurudi, wala hakuna aliyemwoa tena.