Kuku Wangu na Sungura wa Kitabuni

Kitabu chenyewe kilikuwa cha picha, cha watoto wadogo, nacho mwalimu wa shule ya Jumapili alitugawia karibu na Krismasi. Sungura kapata keki kubwa ya sikukuu, anataka kuila peke yake. Wenzake wanabisha hodi mmoja mmoja, mwisho anaigawa yote na kubaki analamba vidole. Mimi na mdogo wangu tulikivutania mpaka jalada likachanika. Mama akatushangaa: "Mnatoana ngeu kwa kitabu cha kugawana?"

Iringa ya miaka ya hamsini, Mkristo mwenye jirani Mwislamu hakumchinja kuku wa Krismasi mwenyewe. Alimwita jirani achinje, ili naye ale. Jirani yetu alikuwa mzee wa asili ya pwani, mwenye duka la kanga. Kila Idi pilau lake lilitufikia, na sinia tulilirudisha limerambwa. Sasa ilikuwa zamu yetu, na mama alishanenepesha jogoo.

Asubuhi ya Krismasi, sisi tuko kanisani, baba mdogo akafika kutoka shamba. Akamkuta jogoo amefungwa mguu, akaona atusaidie kazi. Tuliporudi alikuwa anamalizia kumnyonyoa, anapiga mluzi.

Mama akashika kichwa. "Shemeji! Umechinja wewe? Sasa jirani atakula nini, macho yangu?"

"Lo! Nimesahau, shemeji. Huko shamba tuko wenyewe kwa wenyewe."

Kuku aliyebaki pale nyumbani alikuwa mmoja tu, tetea wa madoadoa niliyepewa na bibi. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutaga. Wote wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Mdogo wangu, shetani mdogo yule, akaleta kitabu na kukifungua mapajani mwangu, pale sungura anapokata keki. Nilimchukia sungura yule! Keki haitagi. Keki haikufuati mpaka kisimani.

Mama hakunilazimisha. "Kuku ni wako," alisema. "Ukikataa nitakwenda kwa jirani nimweleze. Hatakasirika." Hapo ndipo aliponimaliza. Nikamkamata kuku mwenyewe, nikaenda naye mlango wa pili.

"Shikamoo babu. Mama anaomba uje utuchinjie."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu si yule wako wa mayai?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mchana tukala na jirani kwenye mikeka, masufuria mawili mbalimbali, la jogoo na la tetea wangu. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, tena mkubwa wao; msichana hata kuiomba ni utovu wa adabu. Mzee akaichukua kwenye sahani yake, akaniita mbele ya wanaume wote, akaniwekea kiganjani.

Baba mdogo akakohoa.

"Kohoa tu," mzee akamwambia. "Yako iko kwenye sufuria lako."

Watu wakaangua kicheko, na mama akacheka kuliko wote. Nikaila palepale nimesimama, machozi yananitiririka, na jamani, ilikuwa tamu.